Kila Aliposimama

Mume wangu Hezroni alianguka mara ya kwanza kanisani, tuliposimama kuikiri imani. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Septemba, mwaka wa hamsini na nne. Nilisikia kitabu cha nyimbo kikidondoka miguuni mwangu, na nilipogeuka naye alikuwa anashuka. Hakupiga kelele wala hakutupa mikono. Alishuka kama nguo inayoteleza kwenye kamba.

Wanaume walimtoa nje wakamlaza majanini. Hata hatujaanza kumpepea vizuri, akafungua macho akauliza, "Mmefika wapi?"

"Wapi nini, Baba Asheri?" nikamwuliza.

"Kwenye imani. Mmefika wapi?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilidhani ni njaa, maana alikuwa na tabia ya kwenda kanisani bila kula. Nilikuwa sijui kwamba nacheka kitu kitakachokuja kunitoa machozi.

Niwaeleze alikuwa mtu wa namna gani. Hezroni alikuwa mtunza ndiva, upande wetu wa Vudee. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe ambamo maji ya kijito hukusanywa usiku kucha. Asubuhi tundu linazibuliwa, maji yanashuka kwenye mfereji, kila shamba kwa zamu yake. Anayepanga zamu hizo ni mtunza ndiva, na kazi hiyo haimpi mtu usingizi wala marafiki. Yeye aliifanya miaka kumi na tisa. Alikuwa mrefu, mwenye miguu ya kupanda milima, na hakuna mtu aliyewahi kumwona amekaa kwenye jiwe kupumzika.

Lakini mwaka ule kichwa kilianza kumuuma na pua kutoka damu. Mwanetu Asheri, aliyekuwa karani kwenye shamba la mkonge huko Tanga, alimwita ashuke, akampeleka kwenye hospitali moja ya pwani. Huko walimwambia damu yake inasukuma kwa nguvu kupita kiasi, ana presha, na asipotibiwa mshipa utapasuka kichwani. Akarudi Agosti na kopo la bati lenye vidonge vyeupe, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza.

"Ni dawa mpya," aliniambia. "Daktari alizungumza muda mrefu sana."

"Alisema nini?"

"Mkalimani alisema, meza mara tatu."

Tulipeleka karatasi ile kwa Mwalimu Ebenezer wa shule ya misheni. Aliishika mbali, akaishika karibu, akaigeuza kwenye mwanga. Kisha akasema, "Ni kama alivyoambiwa. Mara tatu. Kidonge cha kwanza anywe anapoamka. Na kila wiki aongeze." Tukamshukuru, nikakunja karatasi nikairudisha ndani ya kopo.

Baada ya pale kanisani alianguka tena kwenye mkutano wa ndiva, amesimama akieleza zamu. Akaanguka uani kwetu, anamsubiri mbuzi anywe maji. Kilichotuchanganya ni kwamba akilala alikuwa mzima kabisa. Anaongea, anakumbuka, mkono wake una joto. Ukimwinua, uso unageuka rangi ya majivu, macho yanapanda juu, anakwenda. Na akitembea mlimani, hata kwenye mwinuko mkali, haanguki. Anaanguka akisimama tu mahali pamoja. Asubuhi na baridi yake ni nafuu, jua likipanda ni balaa. Ni ugonjwa gani huo unaomwogopa mtu aliyelala na kumshambulia aliyesimama?

Yakaja na mengine. Mdomo wake ulikauka hata ugali ukawa unamkwama. Macho yakakataa maandishi ya karibu, akawa anashika Biblia kwa mkono ulionyooka kama mtu anayempa mwenzake. Tumbo likafunga. Jasho, ambalo lilikuwa likimtiririka akishika jembe, likaisha kabisa.

Mimi nilikuwa na jibu langu moja. Nilisema damu imezidi nguvu, ndiyo inayomwangusha. Kwa hiyo kila alipoanguka, nilimpa kidonge kimoja zaidi.

Mdogo wake Eliezeri alikuwa na jibu lingine. Alikuja jioni moja, akakaa jikoni kwangu karibu na mafiga, akasema, "Shemeji, wewe hukuwapo siku ile ndivani?"

Nilikuwapo. Nilijua anachotaka kusema.

Ilikuwa katikati ya Agosti, Hezroni ndiyo kwanza amerudi. Ukuta wa ndiva ulikuwa umevuja, maji hayakutosha, akaruka zamu ya Hedwiga. Hedwiga alikuwa mjane, Mkatoliki, ameolewa kwetu kutoka Kilomeni, kaskazini. Hakuwa na mtoto wa kiume wala shemeji aliye hai wa kumsemea. Alisimama mbele ya watu akamwambia Hezroni, "Umeniruka mimi kwa sababu sina mtu. Iko siku miguu hiyo unayopitia shambani kwangu itakataa kukubeba."

"Miguu," Eliezeri alisema. "Alitaja miguu, shemeji. Hakusema utaugua homa, hakusema utakosa mvua. Na sasa kaka yangu miguu haimbebi."

"Alikuwa na hasira," nikasema.

"Na hasira yake imefanya kazi."

Sisi ni watu wa kanisa, nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga. Nilitaka kumwambia Eliezeri asilete maneno hayo nyumbani kwangu. Lakini siku ile ile nilikuwa nimemwinua mume wangu mara tatu kutoka chini. Aliposema kwamba atashika yeye kazi ya ndiva mpaka kaka yake apone, na kwamba mwanamke yule hatapata maji mpaka aondoe alichokiweka, nilijibu neno moja tu: "Fanya unavyoona."

Hezroni hakuambiwa. Alikuwa amelala chumba cha pili.

Wiki tatu Hedwiga hakupata maji. Maharage yake yalikuwa yametoa maua, na maharage yaliyotoa maua hayangoji. Watoto wakaanza kupita mbali na nyumba yake. Mimi mwenyewe tulikutana kisimani, akanisalimu, nikaitikia nikitazama ndoo. Mara nyingine nilijiambia ni upuuzi mtupu. Mara nyingine, nikimwona Hezroni chini, nilisikia lile neno "miguu" kwa sauti ya Hedwiga. Sikujua ninaamini nini. Nilikuwa kama mtu aliyeamka kwenye nyumba ya wageni, anapapasa ukuta hapati mlango.

Hedwiga hakwenda kwa mganga wala kwa padre. Alishuka Same, akafungua shauri barazani. Siku ya pili ya juma la tatu la Oktoba, mtunza ndiva akaitwa kueleza kwa nini mkulima amenyimwa maji.

Ndipo Hezroni alipojua. Alimtazama mdogo wake, akanitazama mimi, muda mrefu.

"Nani alifunga maji?"

"Mimi," Eliezeri akasema. "Kwa ajili yako."

"Na wewe ulijua, Mama Asheri?"

"Nilijua."

Hakugomba. Alisema, "Nitakwenda mwenyewe." Asubuhi, kabla hatujaondoka, nilimpa vidonge viwili, na kopo lenye vilivyobaki nikalifunga kwenye kitambaa. Nilitaka awe na nguvu mbele ya baraza. Hilo ndilo nililokuwa nikifikiri.

Tulishuka na Eliezeri kwa miguu hadi Mwembe, ukungu bado umelala, naye alitembea vizuri kuliko sisi. Kutoka hapo tukapata lori. Kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda, na tulipofika Same jua lilikuwa limewaka hata mbwa wamejificha chini ya magari. Baraza lilikuwa nyumba ya mawe yenye bati juu, na ndani watu wamebanana. Tulikaa kwenye benchi. Kesi mbili za ng'ombe zikapita kabla yetu.

Tulipoitwa, Hezroni alisimama upande mmoja na Hedwiga upande wa pili, kati yao hatua tatu hivi. Mzee wa baraza akamwomba Hedwiga aseme. Akasema, kwa kifupi, bila kulia. Hezroni alikuwa amesimama wima muda wote huo, mikono ubavuni. Mimi nilikuwa natazama shingo yake. Niliona mshipa unapiga mbio, halafu nikaona ngozi inaanza kuwa majivu.

"Na wewe, mtunza ndiva," mzee akasema, "unamjibu nini mama huyu?"

Hezroni akageuza uso kumtazama Hedwiga, akafungua mdomo. Akaanguka.

Hakukuwa na mtu mle ndani ambaye hakuona. Amemtazama, akaanguka. Hata mzee wa baraza alisimama akarudi nyuma. Eliezeri alipaza sauti, "Si mmeona wenyewe? Mmeona kwa macho yenu!"

Mtu wa kwanza kumfikia Hezroni alikuwa Hedwiga. Alipiga magoti, akamshika vifundo vya miguu, akaiinua miguu yote miwili akaiweka juu ya benchi. Watu wakapiga kelele, "Usimguse! Mtoeni huyo!" Mwanamume mmoja alimvuta kwa bega hata kilemba kikamtoka. Lakini mimi nilikuwa nimeshainama juu ya mume wangu, na niliona kwa macho haya: miguu ilipopanda juu, rangi ilirudi usoni. Kope zikacheza. Hedwiga aliponyanyuliwa akaondolewa, sikujua kama nimeona mtu akiponywa au akifungwa zaidi.

Baraza likaahirishwa mpaka keshokutwa. Tukambeba Hezroni kwa Aminiel.

Aminiel alikuwa dresa wa jeshi zamani, alipigana, au tuseme alifunga vidonda, huko Burma. Sasa alikuwa na chumba chake cha tiba nyuma ya stesheni ya reli, chenye kitanda, kabati la kioo na kipimo cha presha chenye zebaki alichonunua kwa daktari mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Alikuwa mtu wa Ugweno, lugha yao na yetu hazipatani, tukazungumza Kiswahili.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Hezroni aliyelala.

"Marahaba. Nimekusumbua."

Aminiel alimfunga kitambaa mkononi, akasukuma pampu, akasikiliza. "Presha iko juu," akasema. "Si mbaya sana, lakini iko juu. Amka, mzee, usimame." Akapima tena. Akasukuma, akasikiliza, akatoa kile cha masikioni, akakikung'uta, akakirudisha. "Sisikii kitu," akasema. "Kipimo kimeharibika." Wakati huohuo Hezroni akaanza kuyumba, tukamlaza.

Akapima amelala, zebaki ikafanya kazi. Akamwinua, ikanyamaza. Mara tatu. Aminiel alifuta uso kwa mkono wa shati. Nilimwona amechanganyikiwa kama mimi, na jambo hilo lilinitisha, kwa kuwa nilikuwa nimekuja kwa mtu anayejua.

"Moyo umechoka," hatimaye akasema. "Unashindwa kusukuma damu mpaka kichwani. Nina sindano ya kuuamsha. Inaitwa adrenalini. Jeshini tuliwachoma nayo watu waliokuwa wameshaaga dunia, wakarudi."

Akavunja kichupa, akavuta dawa, akamchoma mkononi chini ya ngozi.

Haikupita muda Hezroni akashika kichwa kwa mikono miwili. Sijawahi kusikia sauti ile kutoka kwake, hata siku jiwe lilipomvunja kidole. "Kinapasuka," alisema. "Mama Asheri, kichwa kinapasuka." Uso ulivimba mishipa. Kifua kilikuwa kinadunda hata shati likawa linaruka. Aminiel alipima, na mimi nilikiangalia kile kijiti cha zebaki kikipanda, kikapita mahali pa kwanza, kikapita pa pili, kikaenda karibu na juu kabisa.

"Haiwezekani," Aminiel akasema. "Ni dawa kidogo sana. Haiwezekani."

"Itoe!" Eliezeri akamfokea. "Toa ulichoweka!"

"Sindano haitoki, ndugu yangu."

Pua ya Hezroni ikaanza kutoka damu. Nikakumbuka alichosema daktari wa pwani, mshipa utapasuka. Aminiel alikuwa anafungua kabati, anatoa chupa, anarudisha. Alitaka kumfunika blanketi, akaliacha.

Ndipo Hezroni akasema, meno yameumana, "Nisimamisheni."

"Hapana, mzee," Aminiel akasema. "Ukisimama utaanguka. Lala."

"Nisimamisheni. Nikisimama kichwa huwa kinaisha."

Nilimwelewa. Sijui nilimwelewaje, lakini nilimwelewa. Wiki zote zile nilikuwa nimeona kichwa chake kama kinamwagika kila akiinuka. Sasa kilikuwa kimejaa mpaka kinafurika. Eliezeri alinishika mkono. Aminiel aliniambia, "Mama, utamwua." Inawezekana alikuwa na haki ya kusema hivyo, yeye ndiye aliyesoma. Nikapitisha mikono chini ya makwapa ya mume wangu, nikamwinua, nikamkalisha ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia chini. Kisha nikasimama nyuma yake nimemkumbatia, asije akaenda.

"Pima," nikamwambia Aminiel.

Akapima. Akapima tena. Zebaki ilikuwa imeshuka.

"Inashuka," akasema taratibu. "Mama, inashuka."

Tulikaa hivyo, nadhani nusu saa. Rangi ya uso ikipotea, Aminiel alisema mlaze kidogo, tukamlaza. Kichwa kikianza kupiga, tukamkalisha. Tulimpandisha na kumshusha mpaka sindano ilipokwisha nguvu zake na damu ya pua ikakauka. Baada ya hapo Hezroni akaomba maji, akanywa, akasema, "Sasa nimechoka."

Aminiel alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Kisha akainua macho kwangu.

"Mama, mzee huyu anatumia dawa gani?"

Hakuwa ameuliza, wala mimi sikuwa nimesema. Kwangu vile vidonge havikuwa sehemu ya ugonjwa, vilikuwa ndivyo vinavyomweka hai. Nilifungua kitambaa, nikatoa kopo. Alifungua karatasi akaisoma, midomo ikicheza. Mwandiko ulikuwa mbaya, alikwama mahali pengi, lakini alirudi nyuma akaanza tena mpaka akaupata.

"Hapa wanasema aanze na nusu kidonge," alisema. "Aongeze kidogo kidogo, na kila akiongeza apimwe presha akiwa amesimama. Si amelala. Amesimama. Hapa wanasema akiamka asisimame ghafla, akae kwanza. Akiona kizunguzungu alale chini, miguu juu, na dawa ipunguzwe." Akasogeza karatasi karibu na macho. "Na choo kikifunga, asimeze kabisa, maana dawa inabaki tumboni inaendelea kuingia. Alipata choo lini?"

"Leo siku ya tano," Hezroni akasema.

"Na vidonge unameza vingapi?"

Hezroni akanitazama. Nikasema mimi. Nikasema vya asubuhi, vya mchana, vya jioni, na nikasema vile vya ziada, nilivyompa kila alipoanguka. Aminiel hakunikaripia. Ingekuwa afadhali angenikaripia.

"Dawa hii inalegeza mishipa ya damu," akaeleza, akifuata karatasi kwa kidole. "Mtu mzima akisimama, mishipa ya miguuni inajibana yenyewe, damu isishuke yote chini. Inajibana kwa amri inayotoka kwenye ubongo, wala mwenyewe hajui. Dawa hii inaizuia amri isifike. Na siku za joto mishipa inazidi kulegea."

"Milango yote ya mfereji iko wazi," Hezroni akasema. "Mashamba ya chini yanafurika, la juu halipati hata tone."

"Ndiyo hivyo, mzee. Na kichwa chako ndicho shamba la juu."

"Na sindano?"

Aminiel aliinamisha kichwa. "Ukimchoma mtu mwingine sindano ile, mwili wake unajizuia. Presha ikipanda, moyo unapewa amri utulie, mishipa inapewa amri ifunguke. Wewe amri hizo hazifiki. Ulikuwa gari lisilo na breki, nami nikakanyaga mafuta. Nisamehe. Nilipaswa kuuliza kwanza."

"Wote tulipaswa kuuliza," Hezroni akasema.

Eliezeri alikuwa mlangoni muda wote huo. "Na kwa nini alianguka alipomtazama yule mwanamke?" akauliza. "Kwa nini hapo hapo?"

"Alikuwa amesimama muda gani?" Aminiel akamuuliza. "Joto lile, bila kusogea? Angemtazama hata bibi harusi angeanguka."

Eliezeri alitoka nje, na siku ile hatukumwona tena.

Tulilala kwa Aminiel siku mbili. Alizuia vidonge kabisa, akampa Hezroni chumvi ya kulegeza tumbo, na kila baada ya muda alimpima amelala, amekaa, amesimama, akiandika kwenye daftari kwa bidii ya mtu anayelipia kosa. Siku ya tatu tukarudi barazani. Mzee wa baraza alimruhusu Hezroni ajibu akiwa amekaa.

"Nilimruka zamu Agosti kwa sababu maji hayakutosha," alisema. "Ningeweza kumruka mtu mwingine. Nilimruka yeye kwa kuwa nilijua hakuna atakayekuja kunigombeza. Hilo ni kweli, alivyosema. Lililofuata lilifanywa na watu wa nyumbani kwangu, nami nabeba lawama. Kuanguka kwangu ni dawa niliyomeza vibaya. Mama huyu hakunifanya lolote, ila kuniinua miguu, na dresa anasema hilo ndilo lililotakiwa."

Baraza likaamua Hedwiga apewe zamu yake na nyingine juu yake mpaka mvua za vuli. Watu walitoka wakinong'ona. Wapo walioridhika, na wapo waliosema dawa gani ya wazungu inayomwangusha mtu, mbona inafanana na laana ile ile.

Nilipofika nyumbani nilikwenda kwa Mwalimu Ebenezer. Sikuwa nimemwuliza neno, ila aliiona karatasi mkononi mwangu akaelewa. "Niliona neno la kuamka, na niliona neno la kuongeza," alisema. "Mengine sikuyaweza. Niliona aibu, Mama Asheri. Watu wanasema mimi ndiye najua Kiingereza." Alikuwa kijana, mkewe Lydia alikuwa amesimama nyuma yake na mtoto mgongoni. Nilikuwa nimekwenda na maneno makali, nikarudi nayo.

Kwa Hedwiga nilichelewa kwenda. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi nikapata kazi nyingine. Nilipokwenda nilimkuta shambani, maji yanaingia mferejini, anayaongoza kwa jembe kwenye matuta. Lakini sehemu kubwa ya maharage ilikuwa imeshakauka, maganda matupu yanalia upepo ukipita. Maji yalikuwa yanalowesha majani makavu.

"Nimekuja," nikasema.

"Nakuona."

"Nilijua kwamba Eliezeri amefunga maji. Nilimwambia afanye anavyoona."

Aliendelea kuvuta udongo. "Hilo nalijua. Vudee hii hakuna siri." Kisha akasimamisha jembe. "Wewe uliamini?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema hapana. Njia nzima nilikuwa nimelikariri neno hilo. "Sijui," nikasema. "Siku nyingine ndiyo. Siku nyingine nilijua si kweli, na bado sikuja kukufungulia maji. Nami ndiye niliyekuwa nampa zile dawa, Hedwiga. Kila alipoanguka nilimwongezea."

Alinitazama kwa muda, si kwa huruma wala si kwa chuki, kama mtu anayepima kama mvua itafika.

"Kwa nini ulimwinua miguu siku ile?" nikamwuliza. "Ulijua ni nini?"

"Nijue nini? Mtu ameanguka mbele yako. Utasimama umtazame?"

Nililia pale, na hakunizuia wala hakuja kunishika. Nilipomaliza alisema kwamba tuta la mwisho maji hayafiki, udongo umepanda. Nikavua kanga ya juu, nikachukua jembe la pili lililokuwa kwenye ukingo, nikaenda kulichimba. Wiki iliyofuata nilimpelekea mbegu za maharage kutoka ghalani kwangu. Alizipokea, akazichambua mbele yangu, akanirudishia zilizotobolewa na wadudu.

Hezroni alirudia dawa ile kwa nusu kidonge, na kila mwezi alishuka Same kupimwa amesimama. Aliishi miaka minne mingine. Alijifunza kukaa. Ilikuwa ajabu kumwona mtu yule ameketi kwenye jiwe ndivani, anapanga zamu kwa fimbo, anamwita kila mmoja kwa jina, na jina la Hedwiga akilitaja mahali pake bila kupandisha wala kushusha sauti.

Eliezeri hakuwahi kuamini. Mpaka uzeeni alikuwa akisema kwamba dawa ni dawa, lakini neno nalo ni neno. Wajukuu wangu wananiuliza nani alisema kweli. Nawaambia dresa alisema kweli, nilikiona kile kijiti cha zebaki kwa macho yangu. Ila wakiniuliza ni siku gani hasa nilianza kumwogopa jirani yangu, natafuta siku hiyo, sijaipata bado.